Herufi ya Tatu kwenye Tangi

Baba, shikamoo.

Najua marahaba haitanifikia. Lakini tangu nikiwa mdogo ulinikataza kumpita mtu mzima kimya kimya, na kaburi lako nalipita kila Jumamosi nikirudi Nyegezi, basi nimezoea kukuamkia na kuendelea na safari yangu.

Kama ningefuata mtindo wa barua ninaowafundisha watoto, hapa ningeandika kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako uliye mbali. Nimejaribu, imekataa. Juu yako sina hofu tena. Ulipo hakuna kikohozi wala barabara mbovu. Hofu niliyokuwa nayo ilikuwa ya pikipiki yako, au tuseme ya neno moja tu lililo kwenye tangi lake, nayo imekwisha Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, mbele ya watu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimepumua, Baba.

Tena nilipokuwa natafuta bahasha nimekumbuka jambo. Miaka yote ile ulikuwa tarishi wa chama cha ushirika, mkoba wa turubai mgongoni, leo Kisesa, kesho Kigongo, keshokutwa umevuka na pantoni hadi Busisi, unawapelekea makarani barua za pamba. Sikumbuki hata siku moja kuona barua yenye jina lako. Hii ni ya kwanza. Unisamehe imechelewa.

Nianze na habari za nyumbani. Mama hajambo. Amerudia ule ugali wa muhogo uliokuwa ukiukataa, anausonga kila siku ya Mungu, nadhani analipiza. Chama kimepata tarishi mpya, kijana wa baiskeli aliyemaliza darasa la nane. Anasoma anuani zote vizuri sana, na bado anapotea njia. Wewe hukuwa unajua kusoma hata moja. Karani alikupangia barua kwa mfuatano wa vituo, ukazishika kichwani, na haikupotea hata moja. Naye Mzee wa kituo cha Kisesa kila akiniona hunikumbusha hilo, kama vile nimesahau.

Na Uhuru tumeupata. Ulituacha pamba ikiwa bado inanunuliwa, bendera ikapandishwa mvua za mwisho wa mwaka zimeshaanza. Niliwapanga watoto wa shule mstari, wakaimba, mimi nikalia mpaka mwalimu mkuu akanipa leso. Watu walidhani nalilia nchi. Nusu yake nilikuwa nakulilia wewe.

Sasa pikipiki.

Uliposema mbele ya ukoo kwamba pikipiki ni ya Kabula, yaani mimi, baba wadogo walinuna. Mwanamke na pikipiki wapi na wapi. Hawakujua kwamba mimi na wewe tulibadilishana elimu zamani. Mimi nilikufundisha herufi, wewe ukanifundisha kupiga kiki na kubadilisha gea pale mchangani kando ya ziwa, ambako mtu akianguka haumii, anakula mchanga tu. Niliula mwingi. Wewe nawe herufi zilikutoa jasho, ukaishia kujua kuandika neno moja.

Neno lenyewe lilitoka kwa Mama. Kila asubuhi ukiwasha injini alikuwa akisimama mlangoni na kusema neno lile lile, wala hakuongeza jingine. Ukaniambia unataka kulibeba mbele ya macho yako ili barabarani usilisahau. Nilikuwa darasa la pili, najiona msomi kuliko mkoa mzima. Nikaliandika kwenye kibao changu cha shule, nikakiegemeza kwenye gurudumu, nawe ukakopa rangi nyeupe kwa wapaka mitumbwi, ukachuchumaa ulimi nje, ukanakili herufi moja moja. Kazi ya dakika tano ilikuchukua tangu chai mpaka chakula cha mchana. TALATIBU. Herufi ya tatu ulizidisha rangi, ikachuruzika ikaacha mkia chini.

Niliandika nilivyosikia. Nyumbani kwetu nani alikuwa na r? Mama anasema talatibu, wewe ulisema talatibu, bibi alisema talatibu, ningeitoa wapi nyingine?

Kesho yake makarani wa kinu cha pamba wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kuanzia hapo jina lako likawa Bwana Talatibu. Walikuuliza nani amekuandikia. Nimesikia kwa watu wengi ulichowajibu: umeandika mwenyewe, kichwa chako kizito. Nyumbani hukusema kitu. Nilikuja kugundua mwenyewe nilipofika darasa la nne, mwalimu aliponichapa kiganja kwa sababu ya r na l. Nilirudi mbio, nikakukuta unafuta vumbi kwenye madigadi, nikakuomba unipe brashi nilirekebishe. Nililia. Wewe ukanitazama, ukaendelea kufuta vumbi, ukasema, "Liache. Ndivyo mwalimu wangu alivyoandika."

Ukalibeba hivyo hivyo mpaka mwisho. Watu wanacheka, wewe unapunga mkono. Nami nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi, nikapata sifa ya kuwa mkali wa herufi, na siku zote nikanyamaza. Ningeweza kusema siku yoyote. Sikusema, Baba, kwa sababu niliona haya.

Baada ya wewe kuondoka, neno lile likawa kitu kingine kabisa. Nilipekua sanduku lako lote. Karatasi zote za chama zina dole gumba lako la wino, hazina hata herufi. Mwandiko wako ulikuwa mmoja tu duniani, ule wa kwenye tangi. Nikawa nikifika shuleni Kisesa nalifuta vumbi kwanza ndipo niingie darasani.

Mwezi uliopita injini ilianza kutoa moshi, na kila asubuhi napiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi. Nikaipeleka mjini kwenye duka la wakala wa pikipiki, kwa Bwana Abdala. Nikawaambia wafungue injini, wasiguse kitu kingine. Nikaondoka. Kosa langu lilianzia hapo, kwa maana wewe ulinifundisha vizuri. Hukuwahi kupokea mkoba wala kuutoa kabla ya kuuzungusha mbele ya karani, mshono kwa mshono, wote mkiutazama. Ulisema kitu kisichotazamwa na wawili kina maneno mawili. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la Kisesa, nikaacha pikipiki kama mtu anayeacha mwavuli.

Jumamosi iliyopita nikaenda kuichukua. Ilikuwa imesimamishwa mlangoni, inang'aa. Injini, lazima niseme haki, ilikuwa imetengenezwa vizuri; kiki moja tu ikaitikia. Moshi hakuna. Nikatabasamu. Kisha nikatazama tangi.

Kijani kipya, laini, kinameremeta kama kimelambwa na ng'ombe. Na juu yake, kwa herufi nzuri za kizungu zenye kivuli cheusi: TARATIBU.

Nililisoma mara mbili, Baba. Kisha hasira ikapanda, na hasira zangu unazijua, nilizichukua kwa Mama. Nikaingia ndani. Shikamoo nilitoa, lakini ilitoka kama tusi.

Bwana Abdala ni mtu mzima, mpole, kofia yake ya kitambaa haikai upande hata siku moja. Aliitikia, akaanza kunieleza plagi na kabureta. Nikamuuliza nani aliyemtuma aguse tangi. Akafurahi, masikini, akidhani nataka kushukuru. Akasema kulikuwa na mikwaruzo ya uzee, wakaona haifai kunirudishia hivyo, wakapaka. Na zaidi ya hapo wamenifanyia hisani ambayo sikuiomba. "Tumekurekebishia na lile kosa," akasema. "Mwalimu kama wewe utapitaje mjini na kosa kubwa namna ile?"

Dukani walikuwepo watu kama sita. Mmoja alikuwa baba yake Shija, mwanafunzi wangu, amekuja kutafuta cheni ya baiskeli. Yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Na alikuwa na haki ya kucheka. Wiki ile ile nilikuwa nimempa Shija adhabu ya kuandika neno baraka mara mia moja, kwa sababu yeye huandika balaka. Baba mtu alikuwa amekuja shuleni kuniomba nimpunguzie, kwamba nyumbani kwao ndivyo wanavyotamka, nami nikamjibu kwa ukali kwamba shule si nyumbani.

Nikasema nataka neno langu lirudishwe. Bwana Abdala hakunielewa. Alidhani sijaipenda rangi. Akaahidi rangi nyingine, nyekundu nikitaka. Nikasema nataka L yangu. Wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akasema polepole kwamba msiba unaweza kumchanganya mtu. Hapo ndipo nilipoona njia zimebaki mbili tu. Ama ninyamaze kama nilivyozoea, nipande pikipiki yangu safi isiyo na kosa, nikuache wewe uendelee kuwa mwenye kichwa kizito hata kaburini. Ama niseme.

Nilisema. Nilitazama chini, lakini nilisema kwa sauti waliyoisikia wote.

"Lile kosa si la baba yangu. Niliandika mimi kwenye kibao, yeye akanakili. Alijua, na hakunitaja kwa mtu."

Halafu nikawaeleza yote: kibao, rangi ya mitumbwi, darasa la nne, ulivyokataa kunipa brashi, dole gumba kwenye karatasi zote. Nilipofika kwenye dole gumba nikajikuta, mwalimu mzima na mkoba wake, nalia kwenye duka la pikipiki. Hakuna aliyecheka. Baba yake Shija aliweka ile cheni chini, akatafuta kiti, akaniletea.

Nikajua imekwisha, herufi zimekwenda. Kila fundi wa rangi hupiga msasa kwanza, anakwangua ya zamani mpaka bati, ndipo apake. Nilikuwa nalia kwa sababu hiyo, na pia, sitakuficha, kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyokuwa nyepesi kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne. Vyote viwili vilikuwepo.

Ndipo fundi wao wa rangi akatoka nyuma. Fundi Salumu, mzee mfupi, vidole vya rangi saba. Alikuwa amesikia yote kupitia pazia. Hakunitazama mimi, alimtazama tajiri yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mwalimu, usilie," akasema. "Mimi msasa sikupiga."

Bwana Abdala akageuka. Fundi Salumu akaeleza kwamba alianza, lakini ile rangi nyeupe ilikuwa ngumu kama jiwe, mkono ukamchoka, akaona apake juu juu tu, nani atajua. Siku nyingine yoyote ningemhubiria mtu kama huyo juu ya kazi ya kulipua. Siku ile ningeweza kumbusu kichwani. Tunasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi mimi nilikuwa nakitaka kile kipande cha mti.

Tulitoka nje wote, duka likabaki wazi. Nilifumba macho nikapitisha kidole juu ya tangi kama nilivyokuwa nakushika kidole chako zamani na kukipitisha kwenye kibao. Chini ya ule ulaini nikazisikia. Zilikuwa zimevimba kidogo, kama mshipa chini ya ngozi. T. A. Nikafika ya tatu, nikausikia mkia wake ukiteremka mpaka chini, palepale ulipochuruzika.

Rangi mpya ilikuwa haijakomaa. Fundi Salumu akachovya tambara kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua kutoka mwisho, taratibu kweli kweli, akisubiri, akisugua tena. Ilitoka U, ikatoka B. Ile yako haikuguswa, Baba. Wapaka mitumbwi wanajua rangi, maana maji ya ziwa hayana mzaha. Alipofika kwenye herufi ya tatu nikamwomba tambara. Akanipa. Nikaifuta ile R mwenyewe, mguu wake wa mbele kwanza, kisha kichwa, kile kivuli cheusi kikanipaka vidole. Ikabaki L yako na mkia wake.

Na chini ya neno ukatokea mkwaruzo. Mrefu, kutoka chini ya B mpaka karibu na kifuniko cha mafuta, umechimba mpaka bati. Haukuwa wa uzee. Bwana Abdala aliutazama, akavua kofia, akaishika mkononi. Akakiri mbele ya wote kwamba siku walipoinua injini mnyororo uliwaponyoka ukapiga tangi, wakaona haya, wakaamua kupaka tangi zima ili usionekane. Kurekebisha neno kulikuwa ni kujipa kisingizio. Akaniomba radhi bila kuzungusha maneno.

Ungetegemea nimpasue, na nilikuwa na haki. Lakini ningemwambia nini? Mtu ameona haya, akafunika. Mimi nilifunika miaka kumi. Nikamwambia ya Mungu mengi, nimepokea.

Alitaka kuipaka upya sehemu yote kwa gharama yake, au atafute tangi jingine. Nikakataa. Nikaomba bati lililo wazi lifunikwe kwa mstari mwembamba wa kijani lisije likaliwa na kutu, na brashi isikaribie neno. Fundi Salumu akaupaka mstari ule ameshika pumzi. Unaonekana, kovu kabisa, na sijali. Kisha nikawaambia tuizunguke. Tulizunguka mimi na Bwana Abdala, madigadi, taa, cheni, ekzosi, kiti, kila kitu tukikitazama wawili na kukitaja kwa sauti, kama wewe na karani. Alipofika kwenye tangi akalisoma lile neno. Alilisoma kama lilivyoandikwa.

Nilipowasha, baba yake Shija alinisogelea. Alitaka kusema kitu, nikamtangulia. Nikamwambia zile mara zilizobaki Shija asiandike. Akacheka, safari hii kwa upole, akaniambia mtoto ameshamaliza, na zote mia moja ameandika balaka.

Jumatatu nilimwita Shija mbele. Nikawaeleza darasa zima nani aliandika kwenye pikipiki ya Mwalimu. Walifurahi kupita kiasi. Sasa nami nimepata jina, nadhani unalikisia. Bado nafundisha r, usinielewe vibaya, mtihani hauna huruma. Ila mtoto akikosea namuuliza kwanza nani anasema hivyo nyumbani kwao. Kwa siku hizi chache nimeshawajua mabibi wengi kwa njia hiyo.

Siku ile ya Jumamosi niliporudi Nyegezi, Mama alitoka kwa kusikia mlio. Alizunguka pikipiki mara moja, akaona kovu, akauliza nani aliyeichuna. Nikamweleza yote. Alisikiliza akichambua dagaa, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema alijua siku nyingi. Wewe ulimwambia usiku wa siku ile ya kwanza walipokucheka, na ukamwapisha asinifungulie mdomo, mtoto asije akaogopa kuandika.

Kwa hiyo mlikuwa wawili. Baba, Baba.

Hii barua nitaitia kwenye mkoba wako wa turubai. Kesho nina ruhusa. Nitapanda hadi Kigongo, nivuke Busisi, nirudi, njia yako yote, ili nawe kwa mara moja barua iliyobebwa na mkoba wako iwe yako. Nikirudi nitaifukia miguuni pako. Na nakuahidi hili: rangi ya mitumbwi nayo ina siku yake ya kufa. Itakapoanza kubanduka sitampa fundi. Nitatafuta kibao, nitakiegemeza kwenye gurudumu, nitachuchumaa ulimi nje, na herufi ya tatu nitaizidishia rangi mpaka ichuruzike.

Mama ameshaanza kusimama mlangoni, maana ameniona naandaa mkoba. Najua atakachosema, nami nakusemea wewe uliyetangulia.

Talatibu, Baba.

Ni mimi,
mwalimu wako.